Muhtasari wa Kikao Uko Wapi?

Kinamama watano kutoka Uru waliingia dukani kwangu Jumanne moja asubuhi, wamevaa kanga za sare, na mkubwa wao akaweka bahasha ya kaki mezani bila kusema neno. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Haya, toa uone." Ndani kulikuwa na katiba ya kikundi chao niliyoichapa mwenyewe wiki tatu nyuma. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu, afisa maendeleo ya jamii alikuwa ameandika: Muhtasari wa kikao uko wapi?

Nina steshenari upande wa Mbuyuni, hapa Moshi mjini. Ni chumba kimoja chenye mashine mbili za kutoa kopi, kompyuta, na benchi la wateja. Natoa kopi za vyeti na naandika barua za kuomba kazi, lakini kazi inayoniweka mjini ni katiba. Vikundi vya kuweka na kukopa, vya kufa na kuzikana, vya wafuga kuku, vya vijana wa bodaboda, vyote vinahitaji katiba ili visajiliwe halmashauri na viweze kuomba mkopo. Ninalo faili moja kwenye kompyuta. Nabadilisha jina la kikundi, kata na tarehe, naongeza faini ya kuchelewa wanayoitaka, na ndani ya nusu saa mteja anaondoka na katiba iliyobaindiwa.

"Katiba si ndiyo hii?" mama akauliza. "Tumeilipia, ina kurasa zote. Anataka nini tena?"

Nikamweleza kwamba afisa yuko sahihi. Anataka kujua mlikaa lini, mlikuwa wangapi, akidi ilitimia au la, nani alipinga kipengele gani, kura zilipigwaje. Anataka na orodha ya mahudhurio yenye saini.

Mama akatazamana na wenzake. "Hatukukaa," akasema. "Tulikuja kwako."

Maneno hayo mawili, hatukukaa na tulikuja kwako, yamenikaa kichwani mpaka leo. Yamenifanya niichukue Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ile ya mwaka 1977 ambayo nawauzia wanafunzi wa Uraia hapa dukani, na kuiuliza swali la kalamu nyekundu.

Muhtasari wake unajulikana. TANU na ASP zilipoungana na kuzaa CCM tarehe 5 Februari 1977, kulikuwa na timu ya watu 20 chini ya Sheikh Thabit Kombo iliyokuwa imeandaa katiba ya chama kipya. Watu hao hao 20 wakapewa kazi ya kuandaa mapendekezo ya katiba ya nchi. Bunge lililokuwepo likageuzwa kuwa Bunge la Katiba, likaipitisha tarehe 25 Aprili, na kesho yake ikaanza kutumika. Hata miezi mitatu haikufika tangu chama kizaliwe. Wale 20 hawakuwa watu wabaya, na wengi wao walikuwa wameipigania nchi hii kweli kweli. Ninachosema ni kwamba bibi yangu, aliyekuwa na shamba la kahawa na kadi ya chama cha ushirika na sauti kubwa kwenye kila kikao cha kijiji, hakuulizwa. Aliletewa.

Tangu hapo imefanyiwa mabadiliko mara 14, ya mwisho mwaka 2005. Mengine yalikuwa mema sana. Ya 1984 ndiyo yaliyoingiza haki za binadamu ndani ya Katiba, na ya 1992 yakafungua milango ya vyama vingi. Lakini angalia mlango wenyewe wa kufanyia mabadiliko. Ibara ya 98 inasema theluthi mbili ya wabunge wote wanatosha, na kwa mambo machache yaliyoorodheshwa, mengi yanayohusu Muungano, inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar. Basi. Mwananchi hayumo kwenye hesabu hiyo. Hakuna kura ya maoni wala mkutano wa kitaifa, na jinsi ya kuandika katiba nyingine kabisa haikutajwa popote.

Ukitaka kuona mlango huo unavyotumika, fuata suala la mgombea binafsi. Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu kule Dodoma aliamua katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba mtu ana haki ya kugombea bila kudhaminiwa na chama. Bunge likabadilisha Katiba na kuifunga nafasi hiyo. Mchungaji hakukata tamaa. Kesi yake iliishia hapo jirani, Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo tarehe 14 Juni 2013 iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki zake. Miaka karibu 20 kutoka Dodoma mpaka Arusha, kwa jambo ambalo wabunge walilimaliza kwa kunyoosha mikono.

Nilianza biashara hii mwaka 2011, na naukumbuka msimu wa Katiba Mpya kama wengine wanavyokumbuka msimu wa kahawa uliokubali. Rais Kikwete alikuwa ametangaza mchakato usiku wa kuamkia mwaka huo. Tume ya Jaji Joseph Warioba ikateuliwa 2012, ikazunguka nchi nzima kukusanya maoni, na tarehe 3 Juni 2013 ikatoa rasimu ya kwanza. Ndipo dukani kwangu pakawa hapatoshi. Wazee waliokuwa wanakuja kutoa kopi ya kitambulisho wakaanza kuja kutoa kopi ya rasimu. Wengine walichukua sura moja tu, ile ya haki za binadamu au ile ya muundo wa Muungano, kwa sababu fedha haikutosha kitabu kizima. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anakaa kwenye benchi langu kutwa, miwani kwenye ncha ya pua, anawasomea waliokuja kupanga foleni. Alipofika mahali panaposema mbunge asizidi vipindi vitatu na wananchi waweze kumwondoa katikati ya safari, alisimama. Alisoma amesimama. Kijana wa kuuza maji akaacha ndoo yake mlangoni akasikiliza.

Sijawahi kuona tena watu wakisoma sheria kwa namna ile, na nina uchungu nayo.

Hata hivyo dalili zilikuwepo mapema. Wajumbe wa mabaraza ya katiba ya wilaya walipendekezwa kwanza na watu wa vijiji na mitaa, kisha majina yakapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ichague. Madiwani ndio wenyeviti wa kamati hizo, na diwani ni mtu wa chama. Kwenye kata yetu lilipendekezwa jina la mama mmoja muuza mbege ambaye kila mtu alimjua kwa kusema ukweli. Halikurudi. Nilimuuliza kama ameumia. "Chujio," akasema, "hata mbege tunaichuja, lakini hatuchuji ikabaki pumba tukamwaga pombe."

Rasimu ya pili ikakabidhiwa tarehe 30 Desemba 2013, na Februari 2014 Bunge Maalum la Katiba likakaa Dodoma. Hapo ndipo napaona penye kidonda. Wajumbe walikuwa zaidi ya 600. Waliotoka kwenye makundi ya jamii, yaani dini, wakulima, wafugaji, wavuvi, vyama vya wafanyakazi, vyuo, watu wenye ulemavu na wengineo, walikuwa 201, na hao nao waliteuliwa na Rais kutoka majina yaliyopelekwa kwake. Waliobaki wote walikuwa wabunge wa Muungano na wawakilishi wa Zanzibar. Yaani rasimu iliyosema mbunge awe na ukomo, waziri asiwe mbunge, na mpiga kura aweze kumrudisha mbunge nyumbani, ikapelekwa kwa wabunge waijadili. Mimi ningekuwa mbunge ningefanya nini? Nadhani ningejitetea. Ndiyo maana nisingepaswa kuwa mle ukumbini.

Wiki za mwanzo zikaenda kwenye kanuni. Mjadala mkali kuliko yote ulikuwa kama kura iwe ya siri au ya wazi. Watu huku mtaani waliwacheka wajumbe, wakasema wanakula posho ya laki tatu kwa siku kubishania karatasi. Mimi sikucheka. Ile ndiyo ilikuwa hoja yenyewe. Kikundi chochote nilichowahi kukichapia katiba kinajua kwamba kura ya kunyoosha mkono mbele ya anayekukopesha si kura. Mwishowe wakaruhusu zote mbili, kila mjumbe achague mwenyewe. Septemba ilipofika, Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wakati huo, akapiga kura ya wazi kuzikataa baadhi ya ibara. Siku chache baadaye aliondolewa kwenye wadhifa wake.

Lakini nimeruka. Tarehe 16 Aprili 2014 wajumbe wa upinzani waliojiita UKAWA, yaani Umoja wa Katiba ya Wananchi, walitoka nje ya ukumbi na hawakurudi. Sababu kubwa ilikuwa muundo wa Muungano. Rasimu ya Warioba ilipendekeza serikali tatu, ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar, na waliobaki wengi walitaka mbili kama zilivyo, ya Muungano na ya Zanzibar. Bunge likaendelea bila wao. Kanuni zikabadilishwa ili waliokuwa nje ya nchi, wakiwemo waliokwenda Hija, wapige kura huko huko waliko, na tarehe 2 Oktoba ikatangazwa kwamba theluthi mbili imepatikana Bara na Zanzibar. Hiyo ndiyo ikaitwa Katiba Inayopendekezwa. Ukomo wa ubunge haukuwemo tena, wala nguvu ya wananchi kumwondoa mbunge. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, na mpaka leo haijapigwa.

Mwalimu mstaafu alikuja siku ilipoahirishwa. Hakukaa kwenye benchi. Alilipa deni lake la kopi, akaenda.

Hapa Moshi Kenya si nchi ya mbali. Ukipanda basi la Holili asubuhi, saa nne uko Taveta unakunywa chai. Kwa hiyo mambo ya Bomas tuliyasikia redioni na tuliyasikia sokoni kutoka kwa wachuuzi. Mkutano wao wa kitaifa wa katiba ulianza Aprili 2003 pale Bomas of Kenya, Nairobi. Wajumbe 629, wakiwemo wabunge wote, lakini pia watatu kutoka kila wilaya pamoja na vyama, dini na makundi mengine. Tume iliyoandaa rasimu yao iliongozwa na Profesa Yash Pal Ghai. Haikuwa harusi. Septemba 2003 Profesa Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, aliuawa nyumbani kwake. Machi 2004 upande wa serikali ukatoka nje, na waliobaki wakapitisha rasimu. Mwezi huo huo Mahakama Kuu ikasema jambo ambalo natamani kila Mtanzania alijue: Bunge linaweza kurekebisha katiba lakini haliwezi kuifuta na kuweka nyingine, maana mamlaka hayo ni ya wananchi wenyewe kwa kura ya maoni.

Serikali ikaichukua rasimu, ikaibadilisha, ikaipeleka kwa wananchi tarehe 21 Novemba 2005, alama ya ndiyo ikiwa ndizi na ya hapana chungwa. Chungwa likashinda kwa asilimia 58. Baada ya hapo yakaja yale machafuko ya uchaguzi wa 2007 ambayo kila mtu ukanda huu anayakumbuka, na ndipo kamati ya wataalamu chini ya Nzamba Kitonga ikaanza upya. Tarehe 4 Agosti 2010 wakapiga kura, theluthi mbili na ushee wakasema ndiyo. Bomas yenyewe ilishindwa, lakini mengi yaliyosemwa mle yaliibuka tena miaka sita baadaye, ugatuzi ukiwemo. Na safari hii walijiwekea kufuli: Sura ya 16 ya katiba yao inataja mambo ambayo hayaguswi bila wananchi kupiga kura. Walipokuja wakubwa, Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, na mpango wao ulioitwa BBI kutaka kuibadilisha kwa kukusanya saini za watu, mahakama, mpaka ile ya juu kabisa Machi 2022, zikasema njia ya saini ni ya wananchi, Rais hawezi kuianzisha yeye.

Wanaotaka kutuaminisha kwamba ukumbi mzuri ni ule wa wataalamu wachache hupenda kutaja Philadelphia, ilikoandikwa katiba ya Marekani. Ni kweli, mwaka 1787 wajumbe 55 walikaa pale tangu Mei mpaka Septemba, George Washington akiwa mwenyekiti, wakafunga madirisha katika joto la kiangazi ili habari zisitoke, na 39 wakatia saini. Walitumwa kurekebisha mkataba uliokuwepo, wakarudi na katiba mpya kabisa. Katiba hiyo hiyo ilihesabu watumwa kama sehemu tatu kati ya tano za mtu wakati wa kugawa viti vya Bunge, na ndani ya ukumbi ule hakukuwa na mtumwa hata mmoja wala mwanamke hata mmoja. Tazama waliokosekana kitini, kisha tazama waliokosekana kwenye maandishi. Inashangaza kwamba Wamarekani waliacha ndani yake mlango wa kuitisha mkutano mwingine, theluthi mbili ya majimbo yakiomba, yaani 34 kati ya 50 kwa hesabu ya leo. Mlango huo haujawahi kufunguliwa. Marekebisho yao yote 27 yalianzia Bungeni. Wengi kule wanauogopa, kwa sababu wanajua wale wa kwanza walivyovuka walichotumwa.

Nami siuoni mkutano wa kitaifa kama dawa ya kila ugonjwa. Chile walichagua wajumbe 155, nusu wanawake kwa sheria, wengi wao watu wasio na chama, na rasimu yao ikakataliwa kwa asilimia 62 mwezi Septemba 2022. Ila hata huko kukataliwa kulikuwa na heshima. Wananchi waliletewa, wakasoma, wakasema hapana, na muhtasari upo. Sisi hatujafika hata pa kusema hapana.

Wala tusidhani haya ni mambo ya ughaibuni. Hapa hapa mlimani, mwaka 1960, kabla ya uhuru wa Tanganyika, Wachagga walipiga kura kuamua kama waendelee na Mangi Mkuu, yaani chifu wao mkuu, Thomas Marealle, au wawe na rais wa kuchaguliwa. Wakachagua rais, na Solomon Eliufoo akashika nafasi hiyo. Marealle alikuwa mtu mkubwa, msomi, anayependwa, na bado watu waliulizwa wakasema wanachotaka. Bibi yangu aliisimulia kura hiyo mpaka alipofariki. Ile ya 1977 hakuwahi kuisimulia, kwa sababu hakuwa na cha kusimulia.

Ninachokitaka mimi kinaingia kwenye nusu ukurasa. Atakayegombea cheo chini ya katiba mpya asiwe miongoni mwa wanaoiandika, na aliyeiandika asigombee kwa miaka kadhaa. Wajumbe wachaguliwe na watu, majina yasipitie kwa wenye vyama. Kura iwe ya siri kwenye kila ibara. Na ndani ya katiba yenyewe pawepo sura inayosema tukitaka nyingine tunakaaje. Masanduku ya vicoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, yana kufuli tatu, na funguo zake wanapewa wanachama watatu ambao si mwenyekiti, si katibu, si mweka hazina. Mama ambaye hajavuka darasa la nne anaelewa kwa nini.

Wale kinamama wa Uru niliwarudishia bahasha yao na sikuwatoza chochote. Nikawaambia nendeni mkakae, msome kipengele kwa kipengele, mnachokikataa mkikate, kisha mje. Faili langu la kompyuta nimeacha kulitoa kwa kikundi ambacho hakijakaa. Nimepoteza wateja wawili watatu wenye haraka, nao nawaelewa.

Walirudi baada ya siku kumi na tisa. Safari hii walikuwa na kauntabuku, muhtasari umeandikwa kwa mkono, herufi zimelala kulia. Wanachama 30, waliohudhuria 27. Walikaa kwa mmoja wao tangu saa nane mpaka giza, na kipengele kimoja kiliwashinda kukubaliana: kama mwenyekiti aongoze mpaka atakapochoka, au vipindi viwili vya miaka miwili basi. Wakaweka ndoo jikoni, kila mmoja akaingia peke yake na punje moja mkononi. Hindi ni ukomo, haragwe ni bila ukomo. Mahindi yakawa 19, maharagwe manane.

Nilichapa mpaka hapo, nikamwuliza yule mkubwa wao, mwenyekiti, kama hao wanane niwaweke au niandike tu kwamba kipengele kilipita.

"Waweke," akasema. "Na sababu yao iandike. Andika kwamba walisema kiongozi akizoea kazi asitolewe mapema, hela za watu zitapotea."

Nikaandika. Akasoma kwenye kioo, kidole kikifuata mstari, akaomba kalamu.

"Mmoja wa hao wanane ni mimi," akasema, akainama, akaweka saini yake ya kwanza kwenye orodha.